Subiri Iimbe

Magoti yangu si mazima. Naanza na hilo kwa sababu bila magoti haya nisingemfuatilia mtu yeyote, ningeimba tenori yangu na kwenda zangu kazini. Nina kibanda cha stationery karibu na soko la Mpanda mjini. Natoa kopi, nachapa barua za watu, napiga picha za vitambulisho, na kompyuta ikigoma mahali wananiita mimi, Maiko. Kila asubuhi kabla ya kufungua napitia Misa ya saa kumi na mbili na nusu kanisani kwetu Misunkumilo. Tunakuwa watu thelathini, arobaini hivi, wengi wazee, na baridi ya Juni inaingia kwenye magoti kabla hata hujayapiga.

Jumanne moja msomaji alikuwa katikati ya somo la kwanza, kengele ikalia. Milio mitatu midogo ya kupanda, halafu mmoja wa kushuka. Bibi Nyanzala akapiga magoti.

Sasa, Bibi Nyanzala ndiye saa yetu. Anakaa benchi la mbele, anasinzia kuanzia wimbo wa mwanzo mpaka mageuzo, mkate na divai vinapoinuliwa, na kengele ikilia tu anashuka chini kama kijana. Hatujawahi kumwona akikosea. Kwa hiyo akishuka, sote tunashuka, hatuulizi. Tukashuka. Nikasikia goti la kushoto likisema ko. Msomaji akanyamaza, akatutazama, akatazama kitabu, naye akapiga magoti palepale kabla nabii hajamaliza sentensi. Padri Amedeus alikuwa ameketi kwenye kiti chake akisikiliza somo, akajikuta yeye peke yake ndiye aliyekaa.

Kengele ilikuwa sakafuni. Mzee Méthode, katekista wetu, ambaye ameipiga kwa miaka mingi kuliko umri wa huyo Padri, alinyoosha mikono yote miwili juu ili tuone kwamba hajashika kitu. Jumatano ikalia tena, safari hii kwenye mahubiri, na tukashuka tena. Baada ya Misa Padri Amedeus, kijana anayependa mambo yaende kwa utaratibu, akamwita Méthode mbele yetu sote.

"Mzee wangu, ikilia tena kabla ya wakati, kengele nitaishika mwenyewe."

Méthode alivua kanzu yake nyeupe, akaikunja vizuri mno, akatoka bila kutuaga. Mimi nilikasirika. Mlio ule ulitoka nyuma ya ukuta, nilikuwa na hakika, na masikio yangu ndiyo kitu pekee mwilini mwangu ambacho bado hakijachoka.

Ulitoka ofisi ya parokia kweli, na aliyeutoa alikuwa Mama Arcade. Mengi ya hapa mbele aliniambia mwenyewe baadaye, akifagia kibanda changu bila kuombwa.

Jina lake ni Odeta. Amezaliwa Katumba, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akakulia kwenye mihogo na maharage, akamaliza la saba, akahamia mjini, na sasa ana miaka kumi na moja akifanya usafi wa kanisa na ofisi ya parokia. Ni mtu asiyejua kukaa. Ukimkaribisha kiti anakifuta, kisha anabaki amesimama. Akija kwangu kutoa kopi, anaongea huku ncha ya kitenge chake ikisugua vumbi kwenye mashine yangu, hata kama nimeisafisha asubuhi. Akina mama wa jumuiya wanamtania kwamba siku akifa atatoka kwanza kunyoosha maua ya jeneza. Anacheka nao, na huku anacheka anawaokotea maganda ya karanga waliyoyaangusha. Mwanawe Arcade yuko Karema, anafanya biashara ya migebuka, na kila akija na kapu la samaki sisi wote tunamjua mama yake kwa jina la mwanawe, kama ilivyo kwa mama yeyote.

Ila Arcade si wa kwanza. Mwaka wa tisini na nane, Odeta akiwa na miaka kumi na tisa, alishuka mjini kujifungua, akapata mtoto wa kike, mdogo sana. Sista mmoja muuguzi alimwangalia yule mtoto, akachota maji kwenye kikombe, akambatiza hapohapo kitandani. Wakamwita Immaculata. Parokia ikamwandika kwenye daftari la ubatizo. Aliishi siku tisa. Makaburi aliyozikwa yamejaa, msalaba wa mti ulioza zamani, na Odeta mwenyewe hawezi tena kuonyesha ni wapi. Mtu pekee aliyekuwa akimwita Odeta Mama Immaculata alikuwa mama yake mzazi, siku hizo tisa na mara chache baadaye wakiwa peke yao, mpaka naye alipofariki. Arcade alipozaliwa watu walipata jina la kumwita, nao hawakujua kwamba wanafunika jingine.

Ulibaki mstari mmoja tu duniani. Namba mia mbili na kumi na nne, kwa wino wa buluu, na pembeni msalaba mdogo wa kuonyesha kwamba mtoto amefariki. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na moja, Odeta alipangusa kabati la ofisi, akatoa daftari lile, akalifungua pale, akaligusa, akalirudisha. Haikuchukua hata dakika.

Halafu mchwa wakaingia kabatini. Walianza na madaftari ya michango, sikuwahurumia, kisha wakaingia kwenye ubatizo. Padri Amedeus akaamua: majina yote yaingizwe kwenye kompyuta tuliyopewa na wafadhili, orodha ichapwe, na daftari lenyewe lifungwe kwenye boksi na kupelekwa jimboni, Ijumaa ya mwisho ya Juni, bila kuchelewa. Kazi akapewa Mwalimu Bartolomeo, karani wa parokia.

Huyu Bartolomeo ni Mpimbwe wa kijiji cha Mamba, mwalimu mstaafu, na ualimu haujamtoka. Anachapa kwa kidole kimoja na kila anachokifanya anakitamka kwa sauti, darasa lipo au halipo. "Nawasha boksi. Subiri iimbe. Imeimba. Nawasha kioo." Boksi ndiyo kompyuta yenyewe, kioo ndiyo skrini. Hakiwashi mpaka asikie ule wimbo wa kompyuta kuwaka, kwa sababu kwa maoni yake kioo kikiwashwa bure kinachakaa. "Herufi kubwa. A. M. E. Nafasi. Nahifadhi. Nahifadhi tena." Odeta akiwa anapiga deki, masikio yalikuwa kule.

Ndipo akaona kwamba kidole cha Mwalimu kwenye daftari kinaruka. Kinashuka mstari, kinashuka mstari, kinafika kwenye msalaba, kinapita.

"Mwalimu," akauliza, "na hawa wenye msalaba?"

"Hawa hawatakuja kuomba cheti, Mama Arcade."

Alisema bila ubaya wowote, naapa, kama mtu anayeeleza hesabu. Odeta alipangusa kabati lile mara ya pili, kisha mara ya tatu, kisha akatoka nje na kufagia uwanja aliokwisha kuufagia.

Mimi baadaye nilimuuliza, kwa nini hukusema tu kwamba mmoja ni wako? Mwalimu si mnyama, angemwandika.

"Angenionea huruma," akasema. "Angemwandika huyo mmoja ili ninyamaze. Na wengine?"

Niligeukia mashine yangu, nikatoa kopi ambayo hakuna aliyeiomba.

Akaamua kuwaandika yeye. Kuwasha alikujua, kuchapa alikujua, kuhifadhi alikujua, yote kwa kusikia. Muda wa kufanya hivyo ulikuwa mmoja tu: wakati wa Misa, Padri yuko altareni, Mwalimu yuko benchi lake la katikati, na yeye ana ruhusa ya kuwa ofisini kwa sababu ya ufagio. Jumanne ile akawasha boksi. Likaimba. Na nyuma ya ukuta akasikia kishindo cha magoti ya kanisa zima.

Ofisi yetu imeegemea kanisa na juu haina dari. Ukikohoa huku wanakusikia kule. Odeta alisimama katikati ya chumba, ufagio mkononi, akasubiri mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Akachapa majina mawili, akazima.

Jumatano alivua sweta lake, akazifunga nalo spika mbili ndogo za kompyuta, akazikalia. Likaimba hivyohivyo, na magoti yakashuka. Akachomoa waya wa spika kwa hasira. Alipourudisha aliuchomeka tundu silo, na Mwalimu alipokuja baadaye boksi halikuimba. Mwalimu alikagua, akaona waya, akasema kwa sauti, "Waya umeguswa," akaurudisha mahali pake na kuuzungushia solotepu mara nyingi mpaka ukawa na uvimbe. Siku hiyohiyo akaaga: anakwenda Mamba kuvuna mpunga wake, anarudi Jumatano ijayo, siku mbili zitamtosha kumalizia orodha.

Mchana huo Odeta akaingia kwangu. Nilikuwa na wateja wawili wa picha. Alisubiri kwa kupanga upya rimu zangu za karatasi.

"Maiko, kompyuta ikiwaka inaimba, si ndiyo?"

"Nyingine."

"Ukitaka iwake kimya?"

"Kimya cha nini? Inakusalimia."

"Isinisalimie," akasema, na hakucheka. "Kuna namna?"

Nikachukua kopi iliyoharibika nikamchorea nyuma yake. Picha ya kispika pale kwenye kona chini. Kitufe cha kulia cha mausi. Orodha itakayofunguka, mstari wa kubonyeza, kisha ukurasa wenye kijisanduku chenye alama ya vema. Maneno ni ya Kizungu, nikamwambia, usihangaike nayo, tafuta vema. Ukiitoa hiyo ukabonyeza hapa chini, haitaimba tena, ila nyimbo zako za kwaya zitaendelea kusikika.

"Lakini kwanza lazima niiwashe."

"Lazima uiwashe."

"Basi itaimba mara moja."

"Mara moja, ya mwisho."

Kitenge kikaacha kusugua. "Mara moja," akarudia, akiangalia mlango.

"Kompyuta ya nani?"

"Ya mtu."

Hapo mwenye akili angejua, hasa mwenye magoti yanayomuuma chini ya meza. Mimi nilikuwa namwambia mteja anyanyue kidevu.

Usiku haukumletea usingizi, aliniambia. Alfajiri alifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Jambo lililomsumbua lilikuwa hili: akiwasha boksi, haliimbi papo hapo. Linafikiri kwanza. Alikwisha kulipima: kutoka kubonyeza mpaka kuimba ni Salamu Maria nne, za kusali bila kukimbia. Kama anataka uimbaji huo wa mwisho uangukie kwenye kengele ya kweli, ni lazima abonyeze kabla ya kengele, kwa kukisia, akifuata sala za Padri kupitia ukutani.

Alhamisi hiyo Padri alihubiri kirefu. Odeta alisimama na kidole kwenye kitufe, akakitoa, akaenda dirishani, akarudi, akakiweka. Tulipoanza kuimba Mtakatifu akasubiri. Tulipomaliza, akasubiri kidogo tena, kisha akabonyeza na kuanza. Salamu Maria ya kwanza. Ya pili. Ya tatu aliisali haraka akaogopa, akairudia. Méthode akanyanyua kengele yake na kuipiga, tukashuka, na nyuma yake, karibu sana, milio mitatu ya kupanda na mmoja wa kushuka.

Hakuna aliyetikisika. Tulikuwa chini tayari. Méthode peke yake ndiye aliyeiangalia kengele yake, ndani na nje, kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyozidi.

Odeta akafuata mchoro wangu. Kispika, kitufe cha kulia, mstari, kijisanduku. Vema ikatoka. Akazima, akawasha tena, akasali Salamu Maria nne, akaongeza ya tano na ya sita. Kimya. Aliniambia alikalia ufagio wake chini, akacheka mdomo umezibwa na kitenge.

Toka siku hiyo tulisali kwa amani, na huko nyuma ya ukuta mwenzetu alikuwa anakimbizana. Ijumaa. Jumamosi. Jumatatu. Kidole kimoja, na midomo ikitamka herufi kwa kunong'ona, kwa sababu hakuwahi kujifunza kuchapa kwa namna nyingine. Alikuwa akifungua mwisho wa orodha ya Mwalimu na kuongeza wale walioachwa, mmoja baada ya mwingine, kuanzia ukurasa wa kwanza wa daftari. Ng'washi, mwaka mmoja. Épiphanie, siku mbili. Pelagia, saa chache. Mwisho wa kila mstari alibonyeza alama ya kujumlisha, kwa sababu ndiyo iliyofanana na msalaba. Macho yalikuwa kwenye daftari na masikio kwenye Misa: wakiimba sadaka nina muda, wakisema Baba Yetu nimalize, wakianza komunyo nihifadhi na kuzima.

Wake alikuwa bado mbali. Hapa mimi nilimkatiza. Kwa nini hukuanza na wako? Mistari yote hiyo, na muda wenyewe wa kuibia!

"Niruke foleni?"

"Ndiyo, ruka!"

Akasonya. "Kila mmoja hapo ana mama yake, Maiko."

Jumatatu alikuwa amebakiza wachache umeme ukakatika katikati ya jina. Akabaki anatazama kioo cheusi, akizunguka ile meza, na Misa ikaisha kabla umeme haujarudi. Jumanne Padri hakuhubiri kabisa, maana alikuwa na safari ya Mwese, na Misa ikaenda mbio. Odeta alichapa mpaka jasho likamtoka na baridi ile. Mia mbili na tano. Mia mbili na tisa. Mia mbili na kumi na mbili. Akasikia viatu vyetu vikitoka nje. Akahifadhi, akazima. Aliyefuata kwenye wenye msalaba alikuwa namba mia mbili na kumi na nne. Haidhuru, akajiambia, Mwalimu anarudi kesho, nitaamka mapema, nitamwandika, kisha nitairudisha ile vema, na hakuna atakayejua.

Akafungua mlango. Mwalimu Bartolomeo alikuwa barazani, na mfuko wa mchele begani.

"Nimepata lori la usiku," akasema. "Hujambo, Mama Arcade?"

"Sijambo, Mwalimu. Shikamoo." Akachukua ufagio, akatoka, akaanza kufagia chini ya dirisha.

Mimi nilikuwa bado uwanjani nazungumza na Méthode nilipomsikia Mwalimu ndani. "Nawasha boksi. Subiri iimbe." Muda ukapita. "Haijaimba. Nabonyeza tena. Subiri iimbe." Muda mwingine. "Haijaimba." Kila lilipokuwa linawaka salama salimini, yeye alikuwa analizima, kisha analiwasha, na kioo kimebaki cheusi kwa sababu hakuna wimbo. Waya aliukagua, solotepu ilikuwa kama alivyoiacha. Mwisho akatoka barazani, uso umempauka.

"Padri! Imekufa! Na majina yote yamo humo!"

Padri Amedeus, mguu mmoja tayari ndani ya gari la kwenda Mwese, akashuka. Wakaniita. Niliingia, nikabonyeza boksi, nikabonyeza kioo, tukangoja. Kikawaka. Orodha ikafunguka. Mwalimu akashusha pumzi ndefu, kisha akaonekana kama mtu aliyekosewa heshima.

"Sasa mbona haikuimba?"

Nikaenda kwenye kispika cha kona, kitufe cha kulia, mstari, ukurasa. Kile kijisanduku kilikuwa kitupu. Nikakumbuka kopi iliyoharibika, mchoro wangu mwenyewe, na kitenge kilichoacha kusugua. Magoti yalielewa kabla yangu.

"Mlio umezimwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na mtu anayejua."

Nje ya dirisha ufagio ukasimama. Ningeweza kusema zaidi, na sikutaka. Nilimkasirikia kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwalimu hakunisikiliza tena, alikuwa ameona mwisho wa orodha. Akavaa miwani. "Hapa niliacha. Na hawa? Hawa sikuwaandika mimi." Akateremka, akateremka, majina yakawa mengi, kila moja na alama yake. Nikaona anatafuta maelezo, na mwalimu hakosi maelezo. "Virusi," akasema. "Tazameni, Padri. Virusi vimeingiza waliokufa."

"Watoe, Mwalimu," Padri akasema, akiangalia saa. "Ijumaa ni kesho kutwa, haya, siku tatu. Toa, uendelee."

"Nachagua wote," akasema Mwalimu. Majina yakageuka buluu, ukurasa mzima. "Nachagua mpaka mwisho. Sasa nafu..."

"Usifute, Mwalimu!"

Aliingia na ufagio wake, na vumbi la uwanja miguuni. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. "*Mana yanje*, usifute!" Hapo Kirundi cha mama yake kilimtoka, yaani Mungu wangu, kisha Kiswahili kikarudi chote kwa mkupuo. "Ni mimi. Niliwaandika mimi, saa za Misa. Kengele ni mimi, si Mzee Méthode, msimwonee mzee wa watu. Nyie nifukuzeni tu, nitaondoka leo, lakini hao msiwafute. Na bado mmoja."

Kidole cha Mwalimu kilikuwa juu ya kitufe. Alikiondoa taratibu, akakificha mkononi.

"Mmoja yupi?" Padri akauliza.

Odeta alikuwa anapangusa ukingo wa meza kwa kiganja, akienda na kurudi. Mwalimu akavuta daftari lile lililoliwa, akaliweka mbele yake ili atafute, na daftari likafunguka lenyewe. Lilifunguka pale lilipofunguliwa kila asubuhi kwa miaka kumi na moja, na likalala wazi bila kushikwa. Kwenye ukurasa ule msalaba ulikuwa mmoja tu, na wino wa jina hilo ulikuwa umefifia kwa kuguswa.

"Mia mbili na kumi na nne," akasoma kwa sauti yake ya darasani. "Immaculata. Amebatizwa katika hatari ya kufa. Mama..."

Nimemjua Bartolomeo tangu aliponifundisha darasa la nne, na hiyo ndiyo mara pekee nimemwona akisoma kitu na kuumalizia mstari kimoyomoyo. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Padri alisogea, akasoma juu ya bega lake, akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee Méthode nitamwomba radhi mimi," Padri akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kijana. "Mbele ya wote, kama nilivyomwambia mbele ya wote." Kisha akaniangalia mimi, kwa sababu alihitaji kumwangalia mtu. "Na huo mlio, Maiko, uache ulivyo."

Mwalimu alikuwa amesimama. Kile kiti chake hakikaliwi na mtu mwingine, hata Padri akitaka kitu kwenye kompyuta husimama pembeni na kuagiza. Akakigeuza kumwelekea Odeta.

"Kaa."

Nilidhani atakifuta. Aliweka ufagio ukutani, akakaa.

Mwalimu akainua daftari kwa mikono miwili, akasimama nyuma yake, akaanza kumsomea kama alivyotusomea sisi imla. "Herufi kubwa. I." Kidole kimoja kikashuka. "M. M tena, mbili." Mimi nilitazama dirishani, sikuona kitu nje. "A. C. U." Padri hakutazama saa tena, na dereva wake wa Mwese alikuwa anapiga honi barabarani. "L. A. T. A."

Jina likatimia, kidole kikabaki hewani. Mikono yake yote miwili ilikuwa imetulia, na sikuwahi kuiona imetulia.

"Vizuri," Mwalimu akasema. "Sasa, Mama Immaculata, bonyeza nafasi, tuandike jina la mama."